Mama, Baba Ametoa Albamu

Mama,

Kabla hujasikia kwa mwingine huko uliko, acha nikuambie mimi mwanao: baba ametoa albamu. Ya peke yake, bila bendi. Kwenye jalada amevaa lile koti la kahawia ulilokuwa ukimkataza asilivae kanisani.

Naandika nikiwa sebuleni, hapa Murungu. Mvua imeanza, baba amejilaza chumbani, na mimi nimepata nafasi ya kukaa nawe. Nilitaka nikuandikie mapema, lakini kila nikishika kalamu nilikuwa naogopa hata kuyaandika ninayoyaogopa. Naomba univumilie, yatatoka hivyohivyo yanavyotoka.

Ulipoondoka, baba alinyamaza. Watu walikuja kutoa pole, wakitaka awasimulie habari za Kigoma mjini, za enzi zile alipokuwa analikwaruza gitaa la solo mpaka vijana wanapanda juu ya viti, wanamwita Leo Umeme. Aliwatazama tu. Gitaa alilitundika ukutani likashika vumbi. Nikaona siwezi kumwacha hivyo. Nikafunga kibanda changu cha kushonea pale Kibondo mjini, nikaja na cherehani yangu nikaiweka barazani. Nilisema nakaa mpaka achangamke.

Badala ya kuchangamka, akaanza kusahau.

Mwanzoni nilicheka, maana hata wewe ulikuwa unamcheka akitafuta miwani aliyoivaa. Lakini siku moja alitoka kwenda dukani, akarudi ameshikwa mkono na jirani aliyemkuta kwenye njia ya kwenda Mabamba, amesimama, hajui anakwenda wapi. Na jioni ileile akaniita kwa jina lako, Skola. "Skola, mbegu za maharage umeshazitia majivu?" Nikamjibu nimezitia. Sikujua nijibu nini kingine, Mama. Nilienda jikoni nikashika mlango, nikashindwa kulia.

Daktari alimpima, akaniita pembeni. Akasema ni maradhi ya ubongo yanayokuja na uzee, yataendelea, dawa itasaidia kidogo tu. "Muwe naye karibu," akasema. Baba sikumwambia. Lakini nadhani alijua kabla yetu sote, kwa sababu wiki hiyohiyo alilishusha gitaa, akalifuta vumbi, akaanza safari za Kasulu.

Haniagi vizuri. "Nina kazi," basi. Anatoka asubuhi, mimi nabaki kushona mishono iliyopinda, nawaza kama atakumbuka pa kushukia. Nikampigia kaka Deo kule Mwanza. Akacheka. "Mzee kapata mwanamke huko. Mwache ajifariji."

Deo alitania, lakini maneno yake yalinikaa. Wewe unajua kwa nini. Nyimbo za baba sisi tulizijua kabla ya kujua sala. Sesilia. Amina wa Ujiji. Zuhura aliyepanda treni. Wanawake wote wa Kigoma walikuwa na wimbo isipokuwa wewe. Watu wakikuchokoza, unaendelea kupepeta maharage yako na kusema, "Amina ni wa redio. Huyu anayekula ugali hapa ni wangu." Wanacheka, wanaondoka. Lakini mimi niliwahi kukukuta umeizima redio katikati ya wimbo, umekaa tu, mikono mapajani. Uliponiona ulisema, "Njoo, mwana wanje, mwanangu, tuchambue mboga." Sikuuliza. Na hukusema.

Basi nikamfuata Kasulu. Nilimpata kwenye chumba nyuma ya duka la simu, ukutani wamegongelea magodoro ili sauti isitoke. Baba alikuwa amelala kwenye kiti, gitaa kifuani. Pembeni yake kulikuwa na mtu mzima mpole, jina lake Elie, Mkongo wa Nyarugusu anayepiga ngoma kanisani kule kambini kwa wakimbizi na kuja mjini akipata kibali. Yeye ndiye aliyekuwa akimpigia baba drams. Nilimwuliza kama anaona hali ya mzee. Akanijibu taratibu:

"Mama, usiogope. Muzee iko anasahau jina yangu kila siku. Asubuhi ananiuliza, weye ni nani? Lakini akishika gitare, vidole haisahau kitu."

Nilitaka kumwamsha baba nimrudishe nyumbani. Akafungua macho mwenyewe. Nikamwambia twende, dawa hujanywa, umekonda. Akanishika mkono, Mama, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Ngoja nimalize huu, Goda. Nikiondoka sasa utanitoka. Na hautarudi."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa nayo. Alikuwa anazitoa nyimbo kichwani kabla kichwa hakijafungwa. Nikaacha kumkataza. Tangu siku hiyo nikawa naenda naye, nabeba dawa na chupa ya uji, nakaa kwenye kibenchi ndani ya kile chumba. Lakini ulikuwepo wimbo mmoja ambao hakutaka niusikie. Ukifika huo ananiambia, "Nenda ukanunue vocha." Simu ina salio. Nakwenda tu, nasimama kwa muuza vocha, nikijiuliza huyo ni nani tena. Nilijiambia, kama ni Amina mwingine, baada ya yote uliyomfanyia, mimi huyu mzee sitaweza kumtazama.

Siku kazi ilipokamilika tuliletewa kwenye flashi. Shangazi Vero alikuja kusikiliza, unamjua dada yake baba, amekaa kitini kama mtu wa mahakamani. Baba hakutaka kukaa nasi ndani. Alitoka, akaketi barazani chini ya bati, akavuta sinia la maharage akawa anayachambua, mgongo umetuelekea.

Mama, laiti ungesikia. Wimbo wa kwanza umeanza kwa gitaa peke yake, lile la kukwaruza, lenye hasira, mpaka shangazi akashtuka. Halafu besi ikaingia chini yake polepole, na saksafoni, nasikia waliiazima kwa watu wa kwaya. Sauti yake imechakaa. Zamani ilikuwa inapanda juu bila kuhangaika, sasa inapanda kwa shida, mara nyingine inakatika, na yeye haifichi. Anaiacha ikatike. Wimbo mmoja ni wa Kiha, wa kuvunia uwele, ule aliojifunza kwa bibi, lakini ameuwekea drams na gitaa la umeme, na badala ya kuharibika umesimama. Mmoja hauna maneno kabisa. Nilianza kupumua. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mzee bado yumo.

Kisha ukaja wa mwisho.

Hakuna ngoma. Ni gitaa dogo na sauti. Anakuimba wewe, Mama. Jinsi unavyonyoosha miguu mlangoni ukichambua maharage. Jinsi unavyowaita kuku kwa ulimi. Kwamba ukikasirika unafagia uwanja hata kama ni safi. Hakuna sifa, hakuna uzuri wa macho, hakuna zile za Zuhura. Ni wewe tu, ulivyokuwa. Machozi yalinitoka, na nikamwona hata shangazi anatafuta kitambaa.

Halafu akaimba ubeti wa mwisho. "Nilikushika mkono, mvua ikapiga bati, ukaniambia nimechoka, nikakuambia lala."

Shangazi akageuka akanitazama.

Mama, wewe na mimi tunajua. Siku ile jua lilikuwa kali. Mkono niliushika mimi. Baba alikuwa Mabamba, kwenye harusi, na ni wewe uliyemtuma. "Nenda, harusi ya watu isikose muziki kwa ajili ya tumbo langu." Hatukujua kwamba tumbo lile ndilo litakalokuchukua. Mchana ulibadilika ghafla, mimi na shangazi tukakukimbiza hospitali Kibondo. Nilimpigia baba simu, haikupatikana. Na ulipokuwa unaishiwa uliniuliza, "Baba yenu amefika?" Nikasema yuko njiani. Ukauliza tena. Baba alifika asubuhi yake kwa bodaboda, gitaa mgongoni, bado amevaa shati la harusi. Kwamba ulimwita, sikumwambia. Niliona kwamba itamuua.

Shangazi alisubiri muziki uishe. Akasema kwa sauti ndogo, "Goda, huu ni uongo. Wodi nzima ilituona. Watu watasema amejipamba kwa kifo cha mkewe." Nilimtazama baba kupitia mlangoni, bado anachambua, anaokota jiwe, anatupa. Niliogopa vitu viwili kwa pamoja. Niliogopa kwamba amedanganya akijua. Na niliogopa zaidi kwamba hajui, kwamba ugonjwa umekwisha kukuchukua hata wewe na kumwachia siku ambayo haikuwepo. Nilishindwa kumwuliza. Kila asubuhi nilisema leo nitamwuliza, nikimwona anapuliza chai yake, naghairi.

Wimbo ukaenda wenyewe. Ukaanza kusikika madukani, kwenye simu za vijana wa bodaboda. Mwanamke aliyelala kitanda cha jirani yako kule wodini alinikuta sokoni, akanishika bega, akasema, "Wimbo mzuri," akanitazama sana. Nikaondoka bila kununua kitu. Na hapo ndipo redio moja ya Kasulu ilipomwita baba kwa mahojiano, moja kwa moja hewani. Nilimwambia akatae, anaumwa. Akasema, "Nitakataaje? Ndiyo kazi yangu."

Tulikwenda. Nilikaa kando yake ndani ya kile chumba, nimevaa vile vifaa vya masikioni. Mtangazaji alikuwa binti mchangamfu, anamwita babu. Aliuliza habari za bendi, baba akajibu vizuri, akachekesha hata. Nikaanza kujipa moyo. Kisha binti akasema:

"Babu, wimbo wa mwisho umewaliza watu. Hebu tusimulie siku ile ya mwisho na mke wako."

Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Alitazama waya wa maikrofoni kama kwamba jibu limo humo. Kimya cha redioni, Mama, ni kitu kibaya. Binti akanitazama kwa wasiwasi. Ndipo baba akasema, "Muulize Goda. Yeye anakumbuka vizuri."

Nilijua shangazi yuko nyumbani na majirani, redio iko juu ya meza. Nilijua yule mwanamke wa wodini anasikiliza. Nilijua nikisema ukweli wote nitamvua nguo baba yangu mbele ya wilaya mbili, na nikisema uongo nitakuwa nimekufuta wewe. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Mama alimwita. Na baba alikuja."

Basi. Binti akashukuru, akaupiga wimbo. Nimeyapindua maneno hayo kila upande tangu siku hiyo na sijaona uongo ndani yake. Nimeacha tu kusema kilichopita katikati.

Tulikaa stendi tukisubiri basi, nimemnunulia karanga. Alikuwa anazimenya bila kuzila. Akasema bila kunitazama:

"Aliniita?"

Nikajua nimeshalitoa lile nililolificha. Nikasema, "Ndiyo, baba. Aliuliza kama umefika."

"Mara moja?"

"Mara mbili."

Watu walipita na mizigo, kondakta anaita Kibondo, Kibondo, sisi hatukusimama. Baadaye akasema, "Nilichelewa, Goda. Nilimkuta ameshafunikwa. Hilo silisahau. Mengine yanaondoka, hilo haliondoki." Akanigeuzia uso, na macho yalikuwa ya baba yangu kabisa, hayakupotea popote. "Kwenye wimbo nimewahi."

Nikamkumbatia palepale mbele ya watu. Hakuwahi kunikumbatia tangu nimekuwa mtu mzima, unajua alivyo. Siku ile alikubali, akalia begani kwangu, na karanga zikamwagika zote.

Shangazi nilimweleza. Alikwenda akamsalimia baba kwa kumshika mikono yote miwili, na maneno ya uongo hajayarudia tena.

Nisingependa kukudanganya kwamba nimetulia. Leo asubuhi baba ameniuliza tutakwenda lini redioni, maana watu wanamsubiri. Nikamwambia tulikwisha kwenda, akasema aa, kweli, lakini niliona hakumbuki. Kila siku kuna kitu kinaondoka. Nimefunga kengele kwenye geti ili akitoka nisikie. Usiku nashtuka kwa upepo tu. Sijui itakuwaje mwakani. Sijui kama nitaweza.

Lakini lipo moja ninaloweza. Itafika siku ambapo hata kule kuchelewa kutamtoka, na kitakachobaki ni wimbo peke yake. Atanikalisha hapa sebuleni anisimulie jinsi mvua ilivyopiga bati na jinsi alivyokushika mkono. Nitamsikiliza mpaka mwisho, Mama, na sitamsahihisha. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa. Ananiita, naenda kumwangalia.

Mwanao,
Godeliva