Keremkerem wa Upande wa Mashariki

Kiomboi, 6 Aprili

Mwanangu Yustina,

Kosa wanalofanya watu wengi wakitaka kuwaondoa ndege mahali ni kuwafukuza. Nimelitanguliza hili hata kabla ya salamu, kwa sababu barua yako inasema mmewafyatulia baruti majuma mawili, na mimi nimeshindwa kungoja. Sasa salamu. Hujambo? Mimi ni mzima, nyonga inauma asubuhi tu. Dada yako Raheli na wanawe wanakusalimu.

Nimefurahi kusikia kambini simu mnaziacha getini. Simu huniishia kabla sijafika kwenye maelezo.

Nimeelewa hivi, unisahihishe nikikosea. Shule ya marubani wa kivita imewekwa hapo Singida, wanafunzi wanatoka nchi saba, na tarehe 15 Juni wanaanza kuruka. Wewe, kwa ukapteni wako, ndiye wa kuhakikisha kwamba mwisho wa mashariki wa uwanja hakuna ndege wa kuingia kwenye injini. Mashine nitaziita jeti, na jina la ndege nitawaachia wenye manyoya, tusije tukachanganyikiwa. Jeti huvuta hewa kwa mbele kwa nguvu sana. Akivutwa hata ndege mdogo, mapanga ya ndani yanaweza kuvunjika, na jeti ya injini moja haina nyingine ya kuirudisha nyumbani.

Ndege haji mahali kutembea, anakuja kula. Kaa hapo asubuhi tatu, usimfukuze hata mmoja, uandike wanakula nini.

Baba yako,
Gasto

*

Singida, 19 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini nyonga imetulia. Mimi sijambo, ila jua limenibabua pua. Msalimie dada.

Nimekaa asubuhi tatu kama ulivyosema. Sajenti Hosea, msaidizi wangu, alifurahi kupumzika. "Afande," aliniambia, "hawa tukiwapigia baruti leo, kesho wanaleta na mashemeji waje kuona."

Ni keremkerem, Baba, wale wekundu. Wanamdaka nyuki angani, wanampigapiga kwenye waya wa uzio mpaka mwiba utoke, ndipo wanameza. Nilihesabu mia mbili nikachoka. Mkufunzi mmoja mgeni, Meja, akaja kusimama nami na Kiswahili chake cha wiki tatu: "Kapteni, hawa wana kibali?" Nikamwambia hawa ndio wenyeji, kibali tuonyeshe sisi.

Nina swali. Kwani jeti haziwezi kupaa kuelekea magharibi, tukawaachia keremkerem mashariki yao?

Binti yako,
Yustina

*

Kiomboi, 27 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku mvua imekatika na alizeti zimeanza kuinamisha vichwa. Sisi wazima.

Swali lako ni zuri na jibu lake ni hapana. Watu hudhani kwamba jeti hupenda upepo wa mgongoni, kama mwendesha baiskeli. Sivyo. Bawa hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake, kwa hiyo jeti hupaa ikikabili upepo. Sasa, mimi nilifundisha jiografia miaka ishirini na sita, na kila asubuhi nilisimama uwanjani na wanafunzi tukaandika upepo unatoka wapi. Tangu Mei hadi Oktoba, Singida yetu upepo ni wa mashariki, karibu kila siku. Marubani watapaa kuelekea mashariki, wapende wasipende.

Basi kazi ni kujua nyuki wanatoka wapi. Njia ni rahisi. Weka sahani ya maji ya sukari uwanjani. Nyuki akishashiba huruka moja kwa moja hadi kwao. Tazama anaelekea wapi, chora mstari. Sogeza sahani mbali kidogo, chora mwingine. Mistari inapokutana ndipo penye mzinga. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza.

Nasubiri jibu kwa hamu.

Baba yako

*

Kiomboi, 20 Mei

Mwanangu Yustina,

U mzima? Konda wa basi ameniambia alikuona stendi juzi, unatembea vizuri na kofia yako, kwa hiyo huumwi. Ni wiki tatu hujanijibu. Nimelazimika kuchora mistari mwenyewe.

Nilichukua ramani yangu ya zamani ya shuleni, rula na penseli. Kutoka mwisho wa uwanja wenu, kuelekea mashariki, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, kuna nini? Kuna shamba letu la Mwankoko. Mizinga ishirini na miwili, tisa kati yake ilitundikwa na babu yako.

Nilikuwa nakufundisha njia ya kufika kwangu mwenyewe, na kwa furaha kubwa.

Sitakuficha, niliumia. Siku mbili sikumwambia Raheli. Tangu nihamie huku kwa ajili ya nyonga, mizinga ile ndiyo inayonifanya niseme nina kwangu. Nikifumba macho naujua kila mmoja kwa mlio wake. Lakini nilipofungua ramani siku ya tatu, uwanja ulikuwa palepale na upepo ulikuwa uleule.

Najua ulinyamaza kwa heshima. Ila nakuuliza kama mwalimu: kwenye taarifa yako uliandika nini?

Ihamishe mizinga. Ni mimi nimesema.

Baba yako

*

Singida, 2 Juni

Baba yangu, shikamoo sana.

Afya ni nzuri, ila nina aibu. Kwenye taarifa niliandika: "Chanzo cha nyuki hakijafahamika." Mistari ilikutana kwenye mninga wa babu siku ya pili tu, Baba. Nilikaa chini yake nikashindwa kuandika. Barua yako ilipofika nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikaiomba tena ile taarifa nikaandika kweli. Alinikaripia mbele ya Meja, na nilistahili.

Tumeihamisha mizinga, na tumeharibu. Jirani yetu mzee Simeoni alitupa nafasi kwenye kilima chake, nusu saa kwa mguu kutoka hapo. Tukaitundika yote vizuri. Baada ya siku mbili nyuki wamerudi Mwankoko! Wananing'inia kwenye matawi matupu kama maboga. Mzee Simeoni anacheka hadi anashika mti. "Hawa ni wa Mwalimu Gasto," anasema, "hawahami bila kufafanuliwa." Keremkerem nao wameongezeka.

Zimebaki siku kumi na tatu. Hosea ana vidonda vya miiba kichwa kizima. Nifanyeje?

Binti yako

*

Kiomboi, 4 Juni

Mwanangu,

Wote wazima. Mpe Hosea pole.

Kosa ni langu. Nimeeleza upepo, nimeeleza bawa, nimeeleza sahani ya sukari, nikaacha jambo ambalo kila mfuga nyuki wa Singida anazaliwa nalo, nikasahau kwamba wewe nilikupeleka shule ya bweni. Nyuki hajui mzinga wake tu, anajua nchi yake. Ukimhamisha ndani ya nchi hiyo, atatoka asubuhi, ataona kilima anachokifahamu, atarudi alikozoea. Mpeleke mbali, asione kitu anachokijua, naye ataanza upya.

Fanya hivi. Rudisheni mizinga kwenye miti ile ile, nyuki waingie. Wapeni siku tatu. Jua likizama, wote wakiwa ndani, zibeni tundu kwa nyavu ndogo, mpakie kwenye gari taratibu. Mpeleke Mgori, kwa rafiki yangu Antipasi, kando ya msitu. Nimeshampigia. Amesema, "Mwalimu, walete, ila maelezo ubaki nayo." Mpuuzi yule.

Baba yako

*

Singida, 17 Juni

Baba, shikamoo.

Natumaini mko salama. Sisi tuna furaha.

Nyuki wamekaa! Mzee Antipasi anasema tangu siku ya kwanza walitoka wakazunguka, wakaangalia msitu, wakaanza kazi. Juzi, tarehe 15, jeti ya kwanza imepaa. Mwanafunzi alikuwa binti, mdogo kuliko mimi, na Meja nyuma yake. Upepo wa mashariki, kama ulivyosema. Nilisimama pale mwisho nikihesabu keremkerem. Wanne, Baba. Wanne tu, na walikuwa mbali. Jeti ilipita juu yangu, kifua kikatetemeka, kisha kimya. Hosea akavua kofia.

Kuna jambo nakuambia wewe tu. Mizinga iliyokwenda Mgori ni ishirini na mmoja. Ule wa babu, wa juu kabisa kwenye mninga, niliwaambia wauache. Sikutaka siku ukija ukute miti mitupu. Ni mmoja tu, sidhani kama utadhuru.

Binti yako anayekupenda,
Yustina

*

Kiomboi, 20 Juni

Mwanangu mpenzi,

Sijambo kabisa, hata nyonga. Nimeisoma barua yako mara tatu, na pale kwenye mzinga wa babu nilisimama kila mara. Ahsante. Hakuna zawadi niliyowahi kupewa kubwa kama hiyo, na siwezi kuipokea.

Nakueleza kwa nini. Mzinga ukijaa, malkia huondoka na nusu ya kundi kutafuta pengine pa kuishi, hapo hapo jirani. Mmoja wa leo ni miwili msimu ujao, kisha minne, na keremkerem wana kumbukumbu nzuri. Yule binti aliyepita juu yako ana baba mahali fulani, ambaye labda naye ana maelezo mengi na anasubiri barua. Mimi nitakuja Mwankoko nikute miti mitupu, nitakaa chini yake, nitakuwa sawa. Kisha utanipeleka Mgori nikasikilize mizinga yangu, na Antipasi atanivumilia.

Mwite Hosea, chukueni ngazi na kamba, mkauteremshe mzinga huo leo.

Baba yako