Nebukadneza wa Turffontein

Turffontein, Agosti 2017

Mama mukwe mpendwa,

Sisi tuko wazima. Baridi inapungua, na mjukuu wako Benita ameota meno mapya ya mbele. Wiki hii nilishona kanzu ya kifalme kwa pazia jekundu la kutoka Fordsburg, maana kanisani tuliigiza utawala wa Nebukadneza wa Babeli, na mfalme mwenyewe alikuwa mwanao Théodore.

Pasta alimpa aigize sehemu za sanamu ya dhahabu na tanuri la moto, lakini ile sehemu ambayo mfalme anarukwa na akili na kula majani kama ng'ombe, aliiondoa. Hakusema kwa nini. Sote tulijua. Mwaka jana, kabla hajalazwa hospitali, waumini walimwona Théodore akitembea pekupeku katika mitaa ya Hillbrow, hanitambui hata mimi.

Théodore alisoma karatasi zake, akamwambia, "Pasta, mkiondoa majani, huyu mfalme atarudi kutoka wapi?"

Basi jana alitambaa mbele ya kanisa zima, majani ya lengalenga, ule mchicha wa kwetu, mdomoni. Hakuna aliyecheka. Kisha akasimama, akasema akili zake zimemrudia. Najua ni maneno ya mfalme, Mama, lakini alikuwa ananiangalia mimi.

Nyumbani alikula lengalenga iliyobaki, safari hii imepikwa, na fufu ya muhogo, akaomba kuongezewa. Jumatatu ijayo anarudi kwenye kazi ya ulinzi. Ameniambia nikuandikie yote, na ya majani nisiyafiche.

Mkweo anayekukumbuka,
Jocelyne