Alama za Bic Mkononi Mwangu

Mpendwa Papa,

Ninakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usicheke herufi zangu. Barabara ya Beni bado imefungwa na sijui nani ataibeba barua hii. Tuko hapa hapa Bulengera, kwa Tantine, dada yako. Milio ya risasi ikianza tunafunga mlango. Ikinyamaza, bado hatufungui.

Unakumbuka siku tuliyokimbia, bati la ua likanikata chini ya kiwiko? Daktari aliunganisha neva, akashona ngozi, lakini vidole vitatu, vile vya kumegea bugali, vikalala. Wewe, mwalimu wa biolojia hata nyumbani, ulinikalisha karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ukanieleza kwamba nyuzi za neva zilizo chini ya jeraha zimekufa, ila seli za glia zilizozizunguka zingali hai.

"Kwanza zinafagia," ulisema. "Kisha zinatengeneza protini ya kukuza neva. Uzi mupya unaifuata pole pole mpaka ku vidole."

"Na kama uzi unachelewa?"

Ulichochea makaa. "Zinachoka, ma fille. Ile protini inapunguka. Lakini hapana leo."

Ukagonga mkono wangu kwa ncha ya kidole, kutoka juu kushuka. Pale mkono uliponiwasha kama nimekanyaga siafu, ukatia alama ya kalamu ya bic: uzi umefika hapa. Kila Jumapili baada ya misa ulitia nyingine, chini kidogo.

Kisha ukaenda Beni kumchukua Mama, aliyekwama sokoni na maharagwe yake, na njia ikafungwa nyuma yako.

Juzi nilishika sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mkono ule. Nilisikia harufu ya ngozi yangu kabla ya kujua ni moto. Sasa nakula pembeni, kwenye sahani yangu, maana mkono wa kushoto hauingii kwenye bugali ya wote. Masika, binti wa Tantine, ananicheka nikijigonga: "Unapiga hodi ku mukono? Nani atafungua?"

Kwa muda mrefu hakufungua mtu. Sabuni inafuta alama yako ya mwisho. Ninaitia tena pale pale, ili ukirudi uikute. Kuna siku ninafikiri zile seli zimekwisha kuchoka, kama sisi humu ndani.

Jumapili hii Masika alinigonga mwenyewe, kwa utani. Alipofika karibu na kiganja, nikavuta mkono.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Gonga tena."

Akagonga. Hakucheka. Alitafuta bic, akatia alama.

Papa, vidole bado havitofautishi moto na maji. Lakini alama ya Masika iko chini ya yako. Mwambie Mama. Msipite porini, ngojeni njia ifunguke. Siku nitakayomega bugali kwenye sahani ya wote, ninataka mkono wako uwemo.

Ni mimi, binti yenu, upande huu wa barabara.