Kabati Tupu la Chiriku

Machi 4

Shikamoo Mjomba,

Natumai magoti yamekupa nafuu na usingizi unakuja. Sisi hatujambo kwa kutazamwa tu. Nimerudi kazini kwenye duka la miwani, nasaga lenzi za wenzangu na mimi mwenyewe sioni mbele.

Nakuandikia kwa ajili ya binti yangu, Chiriku. Unajua baba yake alipopinduka na lori mwezi wa Januari alizikwa hukohuko mbali, na mtoto hakuona chochote. Alipoanza kumwulizia, nilikumbuka ulivyokuwa ukitufundisha, kwamba mtoto asidanganywe, na ukweli nao asirushiwe kama jiwe. Nikatafuta jibu la katikati. Nikamwambia baba ametoka nje ya ulimwengu. Akataka kujua huko kuna nini. Nikasema hakuna kitu.

Nilidhani nimemaliza. Jumamosi nikamtafuta nyumba nzima, nikamkuta ndani ya kabati la nguo, milango ameivuta, jasho linamtiririka. Nguo zote alikuwa amezitoa na kuzikunja kitandani, na viango juu yake. Nikamwuliza anafanya nini.

"Najizoeza," akasema. "Baba yuko peke yake mahali hamna kitu. Nikienda nisiogope."

Mjomba, wewe umefundisha fizikia maisha yako yote. Nimwambie nini kuhusu huko nje?

Mpwa wako


Machi 12

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti yamegoma, kichwa bado kinaripoti kazini, ingawa kwa kuchelewa. Poleni sana. Kabla ya yote ng'oa komeo la hilo kabati. Falsafa inaweza kusubiri, hewa haisubiri.

Sasa tuje kwenye "hakuna kitu". Kabati la Chiriku si tupu. Lina hewa, lina harufu ya vidonge vya nafthalini vya kufukuzia nondo, na lina Chiriku. Tuseme tumemtoa, tukaifyonza na hewa yote. Bado mawimbi ya redio ya jirani yanapita humo, na joto la mbao, na mvuto wa dunia. Tuyatoe hayo pia, kwa mawazo tu, maana fundi wa kazi hiyo hajazaliwa. Hata hivyo itabaki nafasi, ina upana na kina, na dakika zinapita ndani yake. Utupu ulio utupu kweli hauna hata nafasi hiyo. Hauna pa kumweka mtu.

Na nje ya ulimwengu? Ukiniuliza Chiriku alikuwa na kimo gani mwaka mmoja kabla hujapata mimba yake, nitakujibu kwamba swali limevaa nguo za swali, ila ndani ya nguo hamna mtu. Huenda hili nalo ni la ukoo huo. Ulimwengu si nyumba, hata tuseme lazima uwe na uwanja. Wapo wasomi wanaodhani kuna ulimwengu mwingine kando ya huu. Pengine ni kweli; hakuna aliyerudi na taarifa. Mimi sijui, na kutojua huko kumenikaa vizuri uzeeni kuliko majibu mengi niliyotoa ujanani.

Kwa hiyo mweleze kwamba hakuna anayekaa ndani ya utupu, na baba yake hakai humo. Lakini kuna neno linalopaswa kutangulia, na hilo si la fizikia. Unalijua.

Mjomba wako


Machi 21

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru kwa barua. Nimemweleza yote, hewa, redio ya jirani, na swali lisilo na mtu ndani yake, ambalo lilimchekesha. Kisha akauliza, kama baba hayuko huko, basi atarudi lini. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jana nimemkuta kabatini tena. Mlango ameuacha wazi kidogo, anasema ni kwa kuniridhisha mimi.

Mpwa wako


Machi 29

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Umefikisha maneno yangu, ya kwako umebaki nayo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umekificha kilio chenyewe. Neno ni "amekufa". Mwambie mchana, akiwa ameshiba, na wewe ukiwa umekaa chini. Usiliongezee kitu.

Mjomba wako


Mei 17

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa ukimya. Nilipitisha Aprili yote nikitafuta siku nzuri. Haikutokea, nikamwambia siku ya kawaida tu, tukiwa tumekaa sakafuni tunachambua maharage. Nikasema baba amekufa.

Akaendelea kuchambua. Akauliza kama huko anaona giza. Nikasema haoni hata giza. Akauliza kama anachoka kukaa peke yake. Nikasema hakai, hachoki.

"Kwa hiyo hanisubiri?"

"Hakusubiri, mwanangu."

Akatoa kijiwe kimoja kwenye maharage.

"Basi mimi sina haraka ya kwenda," akasema.

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu Januari, kwa sauti, mpaka jirani akaja kubisha hodi. Sikumnyamazisha.

Mpwa wako