Pweza Niliyempelekea Kaka

Jumatano, Aprili 2007

Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijaamua kuacha. Sare yangu ya skuli imelowa hadi magotini. Nimechagua kompyuta ya mwisho katika duka hili la intaneti, ile inayoelekea ukutani, ili mtu asipite nyuma yangu akasoma.

Shajara ya karatasi nimeiacha. Mama huifungua. Hajawahi kusema neno, lakini yeye hushona kofia, na mara mbili nimekuta uzi mweupe kati ya kurasa zangu. Basi naandika hapa mtandaoni, wanaposoma watu nisiowajua, na jina la kila mtu nimelibadilisha.

Leo nimemuona kaka. Nimeharibu.

Kaka yumo rumande tangu kabla ya masika, kesi yake haijasikilizwa. Kisiwani kwetu jela inaitwa chuo cha mafunzo, na waliofungwa wanaitwa wanafunzi. Mama akiulizwa na watu kijana wake haonekani, yuko wapi, hujibu, "Yuko chuoni." Asiyejua husema mashallah, anasomea nini? Mama huiinamia kofia yake na kutafuta tundu la sindano. Hajasema uongo.

Kaka alikuwa akitengeneza simu katika kibanda pale Darajani, pamoja na rafiki yake ambaye hapa nitamwita Mbarouk. Polisi walikuja wakakuta simu za wizi ndani ya droo. Kaka alisema zimeletwa na mteja kutengenezwa. Siku hiyo Mbarouk hakuwepo, alikwenda kwao Fumba. Hiyo droo haina kufuli. Waliokuwa wakiitumia ni wawili, aliyechukuliwa ni mmoja, na mwingine siku hiyo hiyo alikuwa na safari.

Sisemi kitu. Ila nimelifikiria jambo hili mpaka katika kipindi cha hesabu.

Mama alikwenda kumtazama kaka mara moja tu, wiki ya kwanza. Alirudi presha imempanda, akalala siku nzima na kanga yenye maji kichwani. Kesho yake Mbarouk akaja na ujumbe: kaka anasema mama asije tena, na mimi pia nisije, si mahali pa mtoto wa kike. Chakula atachukua yeye Mbarouk, Jumatano na Jumapili.

Mama alilia, akakubali. Mimi nilijiuliza jambo moja. Ujumbe huu ni wa kaka, au ni wa Mbarouk?

Tangu siku hiyo, yote tunayoyajua kuhusu kaka yametoka katika mdomo wa mtu mmoja. Hupanda ngazi zetu akipiga mluzi, humwambia mama shikamoo kwa sauti ya mtoto mwema, kisha hunigeukia mimi. "Mwalimu! Leo umetupikia au umetusomea?" Mama hucheka. Mama humwita mwanangu. Mimi huangalia sakafu, kwa sababu ulimi wangu mbele za watu hugeuka kipande cha ubao, na kwa sababu nikimtazama nahofia ataona ninachokiwaza.

Akirudi, salamu zake huwa ni zile zile. "Anakusalimuni nyote, hajambo, chakula kitamu, mdogo wangu asome kwa bidii." Kama taarifa ya habari.

Kaka hajawahi kuniambia nisome kwa bidii. Kaka huninyang'anya kitabu. Kaka huniita Kamusi, na akinikuta nasoma huuliza, "Kamusi, umefika herufi gani?" Mtu huyo atakaaje rumande wiki zote hizi aseme "mdogo wangu asome kwa bidii"?

Halafu vyombo. Hotpoti hurudi imeoshwa, inanukia sabuni ya unga, imekaushwa mpaka kwenye mfuniko. Nani kule ndani ana sabuni ya kunukia? Nilianza kuwaza kwamba chakula cha mama kinaishia Darajani, juu ya ile meza ya simu, na kaka anakula ugali wa serikali akidhani tumemsahau.

Ningeweza kumwambia mama. Lakini mama angesema, "Husuda hiyo, mwanangu, astaghfirullah," na Jumapili angemjazia Mbarouk sahani yake mwenyewe.

Kwa hiyo nilimpima.

Kaka hali pweza. Si kwamba hapendi. Alipokuwa mdogo alikula kwa shangazi, Kizimkazi, sikukuu, uso ukamvimba mpaka macho yakafunga, na baba, Mungu amrehemu, akakimbia naye hospitali bila viatu. Nyumbani kwetu pweza hapikwi tena. Hadithi hii tunaijua sisi wa nyumbani tu.

Jumapili iliyopita mama alikwenda Amani kwenye hitima, akaniachia jiko. Nilikwenda sokoni nikanunua pweza. Nilimpiga, nikamchemsha, nikamuunga kwa nazi na ndimu, na nikamtia katika chombo chake peke yake. Wali mbali na mchuzi wa maharage mbali, ili kaka awe na cha kula. Niliwaza hivi: kikimfika, atakirudisha, na Mbarouk lazima aseme kitu. Kisipomfika, Mbarouk atasema kitamu.

Mbarouk alifunua, akanusa. "Pweza! Leo mnamdekeza."

Alasiri alirudi na vyombo vinanukia sabuni. "Kasema pweza mtamu kwelikweli. Kamaliza mpaka mchuzi."

Nilitia vyombo kabatini. Nilikuwa na furaha, nakiri. Furaha mbaya ya mtu aliyepata jibu la hesabu.

Leo asubuhi mama alimpa Mbarouk wali na samaki wa kupaka kama kawaida. Mimi sikwenda tuisheni. Nilitoka skuli nikaenda moja kwa moja, ndani ya mvua, na njiani nilikuwa nikijisomea moyoni maneno nitakayomwambia kaka kuhusu rafiki yake.

Pale mlangoni yupo askari wa kike. Alinitazama kuanzia mtandio mpaka viatu, akacheka. "Mwanafunzi kaja kumtazama mwanafunzi! Nani wako?"

Nikataja jina la kaka. Ikabidi nilirudie.

"Huyo? Chakula chake kishaletwa leo. Yule kijana wake hakosi, mvua, jua." Kisha akaniona nilivyolowa. "Ingia. Lakini muda umebaki kidogo, usije ukaanza kulia ukanimalizia."

Hakosi. Neno hilo lilipaswa kunirudisha nyumbani. Sikulisikiliza vizuri, nilikuwa nimebeba maneno yangu mwenyewe.

Tunakaa upande huu wa waya, wao upande ule, na watu wote wanasema kwa pamoja. Karibu yangu mama mmoja alikuwa akimpigia mumewe kelele kuhusu mbuzi, auzwe au asiuzwe. Kaka akaja. Amekonda shingo. Nilimwamkia, naye akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Sema kwa sauti, Kamusi. Hapa si maktaba."

Nikataka kucheka nikataka kulia. Akauliza, "Mama mzima?" Nikasema mzima. Akatazama nyuma yangu, kwenye mlango. "Kaja?"

"Si ulisema asije?"

"Nilisema asije." Akakwaruza waya kwa ukucha. "Sikusema asije kabisa."

Basi ujumbe ulikuwa wake. Nilisimama pale na hesabu yangu inabomoka, na kabla sijapata la kusema akauliza yeye. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.

"Jumapili kumekuja pweza. Nani kapika?"

"Mimi."

"Mama hakuona?"

"Hakuwepo."

Akatingisha kichwa polepole. Akasema alipofunua chombo kile alidhani wamekosea, cha mtu mwingine. Halafu akaona ni hotpoti yetu, yenye alama ya moto ubavuni. Akasema humu ndani mtu hana kazi, anakaa na kitu kimoja siku tatu anakigeuzageuza. Mama haji. Kisha pweza. "Nikasema, haya, washanchoka. Hata kinachoniua washasahau." Akajaribu kutabasamu. "Umesahau, Kamusi? Sema tu. Mtu husahau."

Hakuna kitu kilichonichoma kama hicho, kwamba mimi nimesahau. Mimi! Ulimi wangu wa ubao ukafunguka, nikapiga kelele kuliko yule mama wa mbuzi.

"Sikusahau!"

Watu walinyamaza. Hata suala la mbuzi lilisimama.

Uso wa kaka ulibadilika kidogo kidogo. Nami ndipo niliposikia nilichokisema. Sikusahau. Maana yake nilijua, na nikampikia, na nikampelekea.

"Hukusahau?" akauliza.

Nikaanza, "Nilikuwa namp..." na askari akapiga makofi, muda, muda, jamani muda. Wakaondolewa. Kaka alikwenda bila kugeuka. Yule mama wa mbuzi alinitazama kama anayemtazama nyoka kwenye kabati la nguo.

Nilitoka. Mvua ilikuwa kubwa na nikashukuru.

Hii ndiyo hali yangu: kaka anaamini dada yake amempelekea sumu kwa makusudi, na hawezi kuonwa tena mpaka Jumapili. Barua siwezi, zinapita mikononi mwa watu na sijui zinafika lini. Mtu pekee anayeweza kuruhusiwa kumpelekea chochote kabla ya siku hiyo, kwa sababu wanamjua pale mlangoni na wanamuonea huruma, ni Mbarouk.

Nilikwenda Darajani. Alikuwa peke yake kibandani, ana simu imefunguliwa tumbo mbele yake. "Mwalimu! Umekuja kutengeneza simu, nawe simu huna?"

Nikamwambia yote. Nilizungumza na bisibisi yake, si yeye. Nikasema nilimshuku. Nikasema pweza alikuwa mtego.

Aliiweka bisibisi mezani. "Kwa hivyo mimi mwizi wa pweza," akasema.

"Ulisema kamaliza mpaka mchuzi."

"Nimemaliza mimi." Akainua macho. "Kanrudishia. Kasema, nenda ukawaambie kitamu, asijisikie vibaya aliyepika. Ningemwaga? Nimekula hapa hapa, na nilikula kwa uchungu, na alikuwa mtamu."

Nikauliza kuhusu sabuni. Akasema ni yeye anaosha, bomba la pale nyuma, kwa sababu chombo cha mama kurudi kichafu ni aibu. Nikauliza kuhusu salamu. Hapo ndipo alipoacha kunijibu haraka. Aliifunga ile simu skrubu moja moja.

"Salamu natunga," akasema. "Ukiacha siku ya pweza, kakako hasemi kitu. Anapokea chakula, anatazama nyuma yangu kama kuna mtu nimekuja naye. Kisha anaondoka. Sasa nikamwambie nini mamako? Kwamba hasemi?"

Kwa hiyo nilikuwa nimepatia na nilikuwa nimekosea. Salamu zilikuwa za uongo. Mbarouk kweli alimla pweza. Na kaka alikuwa akipata chakula chake kila siku ya zamu, kwa mkono wa mtu huyu, huku mimi nyumbani nikimhukumu.

Nikakusanya nguvu, nikauliza na la mwisho. "Na zile simu?"

Akanitazama. "Simu zipi?"

Anajua simu zipi. Kisiwa kizima kinajua simu zipi. Mteja akaingia na mwavuli unaotiririka maji, naye Mbarouk akainuka upesi kumhudumia, upesi mno, na mimi nikaondoka.

Bado simwamini. Naandika hivyo kwa sababu hapa nimeahidi kuandika kweli. Mtu anayeweza kutunga salamu za wiki zote hizi huku anacheka na mama yangu, anaweza kutunga mengine. Hata yale ya kaka kutazama nyuma yake, ningeyatilia shaka, lau nisingeyaona leo kwa macho yangu. Kaka alinifanyia na mimi. Alinitazama, kisha akatazama mlangoni.

Nimebakiwa na dakika chache na duka linataka kufungwa. Nimefikiria kumwomba Mbarouk apeleke maneno yangu, na nimeona siwezi. Si kwa sababu hatayafikisha. Ni kwamba kaka, akiyasikia kutoka mdomo ule, atajiuliza kama ni yangu au yametungwa. Nami nitamuelewa, kwa sababu mimi ni hivyo hivyo.

Jumapili nitasema mwenyewe, kwa sauti, watu wanyamaze wasinyamaze.

Lakini kwanza kuna leo. Mama ananisubiri, anadhani nilikuwa tuisheni. Itabidi ajue kuhusu pweza, na mtego, na kwamba mwanawe hakusema asije kabisa. Presha itampanda. Naogopa sana. Ila nikimficha, basi nitakuwa natunga salamu na mimi.

Jumapili kaka akitazama nyuma ya Mbarouk, nataka amuone mama.