Swichi Iliyozimwa na Chai

Chumba cha Majaribio,
Karakana ya Swichi za Umeme.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo, na kitinda mimba wenu ameacha kukohoa? Sisi tunasukuma siku. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi ni mzima, anatugombeza kama kawaida.

Kaa chini kwanza. Ile nafasi uliyoahidiwa hapa kazini haipo tena. Karakana yenyewe inafungwa mwisho wa mwezi.

Swichi yetu unaijua: vipande viwili vya shaba ndani ya chupa isiyo na hewa. Vikiachana, mwali wa umeme unaruka katikati, nao unalishwa na mvuke wa shaba ileile. Shaba ikiwa imepoa, mvuke unatulia na mwali unakufa papo hapo. Miaka yote ulikufa, nasi tukapiga makofi.

Basi wateja wakaja na mtambo wao wa kupimia, unaoipiga swichi kwa umeme mkali mfululizo bila kupumzika. Pigo la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu likaikuta shaba bado ya moto, inafuka mvuke. Mwali ukazimika, ukawaka tena, ukawaka tena, mpaka chupa ikapasuka. Tukaleta swichi nyingine, na nyingine. Yakawa yaleyale.

Unamkumbuka mkuu wetu, Mzee wa Birika? Kila baada ya pigo lazima atumiminie chai, na hakuna ruhusa ya kugusa mtambo kabla vikombe havijaisha. Siku ile aliliweka birika chini, akasema, "Kumbe chai yangu ndiyo iliyokuwa inazima moto, jamani!" Tulicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Tulikuwa tukiipa shaba muda wa kupoa, huku tunajisifu kwamba swichi ni nzuri.

Tumejaribu shaba nene zaidi. Inachelewa kupata moto, lakini ikishaupata haipoi upesi. Wateja wameondoka. Njia siioni, na sitaki kukudanganya.

Najua umeshaaga kazini huko. Nenda kawaangukie wakurudishe kabla hawajapata mtu. Roho inaniuma kukuandikia hivi.

Shangazi na binamu zako wanakusalimu sana. Mungu akufunike wewe na wote walio nyumbani mwako.

Mama bado hajui. Amekipaka rangi chumba chako kwa mikono yake mwenyewe, na leo asubuhi kaniuliza kama wifi anapenda mapazia ya bluu. Nikamjibu anayapenda. Mwambie wewe, mdogo wangu. Mimi nimeshindwa.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye palepale ulipo.