Nyumba Sita za Pernoola

Pernoola,
Jumatano, 20 Novemba 2019

Kwa Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na naapa kwamba katika barua hii nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo mkono wangu utayakwepa kwanza. Hujambo? Mgongo wako umepata nafuu? Bwana Dermot naye anaendeleaje na kazi zake? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa joto na vumbi la mavuno. Bibi anakusalimu, ingawa amenikataza kuandika kwamba anakusalimu. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu iko jikoni, na Bibi, ambaye hasikii kengele ya kanisa, husikia kila neno ninalosema kwenye simu.

Unalikumbuka duka la vitambaa lililofungwa nilipokuwa darasa la pili? Halmashauri imelibomoa na kujenga palepale nyumba sita za wazee, kwenye barabara kuu, kati ya duka la Bi Noske na ofisi yao. Ni nyumba nzuri, Mama, lazima nikiri. Hazina ngazi hata moja. Milango ni mipana, bafuni kuna vishikio, swichi za taa anazifikia mtu aliyeketi, na kutoka mlangoni hadi kwenye mkate na dawa ni hatua arobaini kwa mwendo wa Bibi. Kila nyumba ni ya chumba kimoja, na sheria yake ni kwamba asiishi humo mtu aliye chini ya miaka sitini.

Kichekesho ni waliozijenga. Mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Garth Tilbrook, alikata utepe kwa mkasi wa kunyolea kondoo, akahutubia dakika hamsini juu ya uhai wa mji wetu, kisha akapanda pikapu yake akaiendesha hadi baa, ambayo iko ng'ambo ya barabara. Mama, ng'ambo ya barabara! Mtu huyo hata chumvi huifuata mji wa mbali, Murray Bridge, halafu anasikitika mbele ya watu kwamba maduka yetu yanakufa.

Na wazee wenyewe? Tangu Julai zile nyumba zilikaa tupu, kila mmoja akingoja mwenzake aingie kwanza ili apate wa kumcheka. Mzee Ivo Schirmer ana miaka themanini na tatu, na huteremka kwenye trekta kinyumenyume kama mtu anayeshuka kisimani. Huyo ndiye aliyetangaza dukani eti zile ni nyumba za wazee, yeye bado. Bi Verna Lutze akadakia kwamba hawezi kuishi mahali ambapo mji mzima utamwona akinunua mkate wa jana. Wote wawili wana nyumba kubwa huko mashambani ambazo vyumba vyake vya mbele havijafunguliwa tangu mazishi ya mwisho. Wanaishi jikoni, peke yao, na redio, na hali hiyo wanaiita uhuru.

Bibi aliwashinda wote kwa dharau. Alisema, “Mimi nikae dirishani barabarani? Basi wanibandike na utepe wa bluu wa mshindi kabisa, kama keki ya maonyesho!”

Lakini mwezi wa Septemba alianguka kwenye banda la kuku. Sikukuandikia kwa sababu alinikataza. Alianguka baada ya kifungua kinywa, na mimi nilimkuta saa kumi, basi la shule liliponishusha, bado amelala ubavu, kuku wamekwisha kumzoea. Neno la kwanza aliloniambia ni kwamba nimechelewa. Daktari alisema safari hii ni nyonga iliyoteguka tu, lakini safari nyingine huenda asikutwe akiwa hai. Tangu siku hiyo, mwalimu akiwa ubaoni, mimi huliona lile banda.

Wiki mbili baadaye Bibi akaomba tupite kwenye zile nyumba, eti tukazicheke. Akafungua droo za jikoni moja baada ya moja na kuzifunga. Akageuza bomba kwa kiwiko. Akaketi karibu na dirisha, akamtazama Bi Noske akipanga maboga nje. Kisha akasema rangi ya ukuta ni kama matapishi. Jumapili ile, tarehe 29 Septemba, tuliporudi kutoka kanisani, akajaza fomu kwa kalamu yake ya wino, akaitia kwenye bahasha na kuifunga, nayo ikatumwa ofisini kwa halmashauri.

Mwezi wa Oktoba mwalimu alinichagua kusoma insha yangu mbele ya halmashauri na wazee. Niliwaambia kwamba mji haufufuliwi kwa kibao cha makaribisho, wala kwa ile sanamu ya kondoo waliyotaka kuijenga. Mwenye gari hununua mbali, mara moja kwa wiki. Mwenye fimbo hununua karibu, kila siku. Warudisheni wenye fimbo barabara kuu, nikasema, na maduka yatafunguka yenyewe. Nikawageukia wazee nikawaambia waziwazi kwamba kiburi chao ndicho kinachouzika mji huu, na kwamba ni aibu mtu kuujua wema na kuufungia mlango. Nilipigiwa makofi hata Bwana Tilbrook akaamka.

Na ikawa kweli! Bi Verna alikwenda kuulizia ufunguo asubuhi yake. Mzee Ivo akasikia, akaona heri afe kuliko kutanguliwa na Verna, akahamia siku hiyohiyo na godoro mgongoni mwa trekta. Anasema hajahamia nyumba ya wazee, amesogea karibu na posta. Mwanzoni mwa Novemba tano zilikuwa zimejaa. Mwenye bucha sasa anafungua siku nne badala ya moja, msusi anakuja kila Alhamisi, na Bi Noske ameweka benchi mbili ambapo Mzee Ivo huketi akiwatukana wapita njia bila ubaguzi. Ile barabara ambayo mbwa wa baa alikuwa akilala katikati yake bila wasiwasi, sasa mbwa amehamia kando.

Ni Bibi tu ambaye hakujibiwa. Imebaki nyumba ya sita, na kikao cha Ijumaa hii kisipopata mwombaji, itakuwa ofisi ya mafundi wa barabara. Bibi alingoja kwa adabu hadi Jumatano iliyopita, adabu ikamwisha. Karani wa halmashauri, Bwana Alwyn Pech, alikuwa kwenye foleni dukani na maziwa yake mkononi. Bibi alimkabili mbele ya watu wote. “Wewe Alwyn! Nilikufundisha shule ya Jumapili kamasi zikiwa mpaka kidevuni, leo barua yangu unaifanyia nini? Unafungia samaki?” Bwana Pech akasema kwa upole kwamba hakupokea barua yoyote. Mzee Ivo akapaza sauti kutoka kwenye benchi: “Mpeni mbuzi kazi yake! Mbuzi hula karatasi, lakini hajifanyi ametafuta!” Duka zima likacheka. Shuleni wakaanza kumwita Bwana Pech Kapu la Taka, na Bwana Tilbrook akamwandikia onyo. Mama, mimi nilikuwa pale nimeshika kikapu cha Bibi. Nilicheka pamoja nao. Na lile jina la Kapu la Taka, nami nimelitumia mara mbili.

Sasa nafika pale nilipoapa kufika. Bahasha ile hakuitupa Bwana Pech. Bibi alinipa mimi niipeleke, kwa sababu basi la shule husimama mlangoni mwa halmashauri. Niliitia ndani ya atlasi yangu, na humo ilikaa wiki saba. Nilisoma insha yangu mbele ya watu wote bahasha hiyo ikiwa kwenye mkoba wangu, karibu na miguu yangu. Nilijua Bibi akiingia kwenye nyumba ile, mimi wa miaka kumi na tano siwezi kubaki peke yangu shambani, wala siruhusiwi kulala kwake. Ulipoolewa na Bwana Dermot uliniambia nikae kwanza na mama yake Baba, mpaka mtakapotulia. Huu ni mwaka wa tatu, nami sikutaka kuwa mtu wa kuuliza.

Juzi Jumatatu niliipeleka. Bwana Pech aliitazama tarehe iliyoandikwa na Bibi, akanitazama mimi, akapiga muhuri wa tarehe 18 Novemba. Alisema imewahi kikao, na mwombaji ni mmoja tu. Nikamuuliza watu waambiwe nini. Akasema hiyo si kazi ya karani. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba insha yangu ilikuwa nzuri sana, hasa pale kwenye kiburi.

Jana nilimwambia Bibi. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema Garth Tilbrook ni mpumbavu, lakini angalau upumbavu wake hakuuandikia insha. Kesho tutakwenda wote dukani kumwomba Bwana Pech radhi, kwa sauti ileile aliyotukaniwa, na mimi ndiye nitakayeanza. Kisha Bibi akaniuliza kama kweli nilidhani angehama na kuniacha kama paka wa ghalani. Akasema Jumapili ileile aliyojaza fomu alikuandikia na wewe, akauliza kama naweza kuja kwako mwaka mpya wa shule utakapoanza, na barua hiyo hakumpa mtu. Aliipeleka posta mwenyewe, kwa fimbo yake. Anasema bado anangoja jibu, na kwamba hakutaka nijue.

Mama, barua hupotea. Mimi najua zaidi ya wengine jinsi zinavyopotea, na ninatamani sana hiyo nayo iwe imepotea. Nisalimie Bwana Dermot, na majirani zako niliowaona siku ya harusi. Bi Noske anakusalimu, na Mzee Ivo pia, kwa namna yake. Usinipigie simu, niandikie, na barua yako itoke kwa posta ya kesho yake utakapoipata hii. Nakuomba unijibu jambo moja tu: barua ya Bibi ilikufikia?

Mwanao akupendaye,
Marlis Obst